Mazoezi ya Hesabu Ndani ya Beseni la Ndagala

Mwandiko wangu ni mzuri, na sioni haya kulisema. Shuleni kwetu Bwiza, mjini Bujumbura, barua yoyote ya kwenda kwa inspekta niliandikishwa mimi, hata kama aliyeifikiria ni mwingine. Kwa upande wa hasira pia sikuwa nyuma. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walijua kwamba nikivua miwani na kuiweka juu ya meza, mtu amekwisha.

Miaka ile ya vita tulifundisha kwa kudonoadonoa. Leo tunafundisha, kesho mji umefungwa, keshokutwa risasi zinalia upande wa kaskazini nasi tunalala chini ya madawati mpaka kutulie, kisha tunaendelea na sarufi pale tulipoishia. Watoto walizoea haraka kuliko sisi. Siku moja, tukiwa bado chini ya madawati, mmoja aliniuliza kama anaruhusiwa kula karanga zake, maana hiyo si saa ya somo. Nilicheka hadi nikagonga kichwa kwenye ubao wa dawati.

Lakini muhula wa pili barabara ya kwenda Carama ilifungwa kabisa. Kwenye bariyeri, kile kizuizi cha barabarani, askari waliruhusu wafanyabiashara wachache waliozoeleka, wengine wote wakarudishwa. Watoto wangu kumi na mmoja walikaa huko. Nilikuwa nikitazama madawati yao yaliyo matupu huku nimekasirika, bila kujua nimkasirikie nani.

Direkteri wetu, yaani mkuu wa shule, mzee mpole aliyeogopa karatasi yoyote yenye muhuri, alituita ofisini akatusomea agizo. Mwanafunzi asiye na alama za muhula wa pili hataandikishwa kwenye konkuru, ule mtihani wa taifa wa kuingia sekondari. Hakuna alama, hakuna mtihani. Tulikuwa na wiki tano kabla ya kupeleka orodha.

Kati ya wale kumi na mmoja, kumi wangeweza kurudia darasa mwaka unaofuata. Msichana mmoja hakuweza. Alikuwa amekwisha kurudia mara moja, na kanuni haikuruhusu mara ya pili. Kwake ilikuwa mwaka ule au basi tena, jembe na kuni. Huyo msichana alikuwa mbishi ambaye sijaona mfano wake. Nikimnyima nusu alama, alikuja na daftari mkononi, ananionyesha sentensi, ananionyesha ukurasa wa kitabu, anasimama hapo mpaka kengele. Nilimwita wakili. Wakati mwingine nilimpa ile nusu alama ili nipate nafasi ya kunywa chai. Sasa dawati lake lilikuwa kimya, na nilikuwa namkosa kuliko nilivyodhani mwalimu anaweza kumkosa mtu anayemchosha.

Kwa hiyo nikaamua: kama watoto hawawezi kuja kwenye somo, somo litawafuata.

Shule ilikuwa na mashine ya kurudufu, lakini wino wake ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliotangulia na direkteri alikuwa ameifunika kitambaa cha meza kama maiti. Nilichokuwa nacho ni kalamu na karatasi za kaboni. Ukikandamiza kwa nguvu unapata nakala tatu zinazosomeka. Ya nne ni ya kubahatisha. Mara nne kwa tatu ni kumi na mbili: kumi na moja za watoto, moja yangu. Kidole changu cha kati kiliota sugu ambayo ipo hadi leo.

Somo la kwanza niliandika refu, kurasa tatu, nikajisifu. Nikalisoma upya kwa macho ya mtoto aliyekaa peke yake kwenye mkeka bila mtu wa kumwuliza, nikalichana. Nikaandika jipya la ukurasa mmoja: mfano mmoja uliokwisha kufanywa hatua kwa hatua, maswali manne, na nusu ya karatasi ikaachwa wazi kwa ajili ya majibu, kwa kuwa madaftari yao yalikuwa yamebaki kabatini shuleni. Pembeni nilichora rula ya sentimita kumi ili wapimie. Juu niliandika jina la mtoto. Somo lilikuwa kwa Kifaransa kama kawaida ya shule, lakini chini kabisa niliandika kwa Kiswahili, ili mzazi au jirani naye aelewe: “Jibu hapa hapa, kisha umrudishie mama wa ndagala atakapopita tena.”

Huyo mama wa ndagala ndiye aliyekuwa posta yangu. Alinunua ndagala, dagaa wale wa ziwani, kule Kajaga, ufukoni, akawauza Carama, kisha Jumanne na Ijumaa akashuka kwetu Bwiza na beseni kichwani. Askari wa bariyeri walimjua na walikula ndagala zake. Kusoma hakujua, lakini hesabu ya kichwa alinishinda mimi mwenye diploma.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana kosa lote lilitoka humo. Kila mwisho wa muhula sisi walimu tuliwapa wauzaji karatasi za madaftari yaliyokwisha. Wao walizisokota wakafungia karanga, maandazi, ndagala, nasi tukapata kiganja cha juu kama asante. Bwiza nzima ilikula vitafunio ndani ya imla za mwaka jana. Nilikuwa nampa huyo mama karatasi kwa miaka.

Ijumaa ile nilimkuta sokoni, jua kali, foleni imemzunguka. Nikamkabidhi zile karatasi kumi na moja zimekunjwa vizuri, nikamwambia kwa haraka, kwa yale majivuno ya mwalimu anayedhani akisema mara moja inatosha: “Mama, hizi ni za Carama. Kila mutu moja.”

“Sawa, madamu. Asanti sana. Mungu akubariki.”

Akanichotea ndagala, si kiganja kimoja, viganja viwili. Nilirudi nyumbani nikiwaza, tazama mwanamke mwema, analipia kwa samaki furaha ya watoto wa wenzake. Nilizikaanga kwa nyanya na nikala nikiwa na roho nyeupe kabisa.

Jumanne iliyofuata aliingia hadi uani kwangu kabla hajaweka beseni chini. Uso ulikuwa umemshuka.

“Madamu, mi nimeharibikiwa. Watu ya Carama wananirudishia karatasi!”

“Si ndiyo vizuri?”

“Vizuri gani? Mi nauza ndagala miaka kumi, hakuna mutu alishanirudishia karatasi. Nazani samaki ilikuwa mubaya. Mama moja alinifwata mpaka kwa njia, anaipunga juu, anasema ‘Chukua, chukua, nimemaliza.’ Mi nikakimbia!”

Akatoa kwenye nguo aliyofungia beseni karatasi tisa, zina mafuta, zina magamba, zinanuka ziwa. Nikazifungua. Ya kwanza ilijibiwa kwa mwandiko wa mtu mzima anayeshika kalamu kama anashika mwiko. Ya pili ilikuwa na majibu ya watu watatu tofauti, na mmoja amemkata mwenzake na kuandika juu yake. Ya tatu ilijibiwa swali la kwanza tu, kisha pakaandikwa kwa Kirundi kwamba mtoto anyonyeshwe kwanza, mengine yatafuata. Hapo nikaelewa. Nikavua miwani.

“Mama! We ulizifungia ndagala?”

“Sasa ningezifungia nini?”

“Zilikuwa za wanafunzi! Masomo! Nimeandika siku tatu!”

Hakutishika hata kidogo. Aliweka mikono kiunoni. “Mi sijue kusoma, madamu, unajua. Kila trimestre unanipatia karatasi za kufungia. Unaniambia ni za Carama, kila mutu moja. Kila mutu alipata moja. Ya we ulisema, njo niliyofanya.”

Nikaivaa miwani yangu tena. Alikuwa amesema kweli tupu. Kicheko kilinitoka kwa mbali kama kikohozi, kisha kikanishika, naye akaanza, tukacheka hadi jirani akachungulia juu ya ua. Tulikaa chini, mimi juu ya kinu, yeye juu ya ngazi, tukaanza kupanga upya kama watu wenye akili.

Yeye ndiye aliyepanga, kusema kweli. Majina niliyoandika juu hayakumsaidia kitu, lakini nyumba za Carama alizijua kwa mapishi yao. “Nipatie mutoto, niambie anakaa wapi. Wale wa mlango wa buluu wananunua kidogo-kidogo kila siku. Wale wa nyuma ya kanisa hawapendi ndagala ndogo.” Tukakubaliana kwamba za wanafunzi zitakunjwa nyembamba kama rula na kufungwa uzi, kila nyumba rangi yake, alizochagua mwenyewe kwenye kikapu changu cha kushonea. Za kufungia samaki zingekuwa bapa.

“Na zile ingine?” akaniuliza.

“Zipi?”

“Za watu wakubwa. Wanauliza kama utaleta ingine. Yule mama wa kunyonyesha anasema hajamaliza.”

Hapo nikajua kwamba nina darasa ambalo sikulifungua. Ikawa kila safari naandika za watoto, kisha za kubahatisha, zile nakala za nne zilizopauka, kwa yeyote atakayenunua samaki. Mwanzoni nilizikunja nikinung’unika. Baadaye nilikuwa nangoja Jumanne kama mtoto anavyongoja sikukuu. Nilikosoa kila karatasi, ya mwanafunzi na ya mtu nisiyemjua. Mwalimu akiona jibu bila alama hapati usingizi. Mama mnyonyeshaji alipata saba juu ya kumi, na nasikia ile karatasi aliibandika ukutani.

Karatasi moja tu ya mafungu yale ya kwanza ilinichefua. Ilitoka Kajaga, kwa wale wanaoanika samaki mchangani, kwani mama aliwagawia wenzake wa huko mbili kati ya zile kumi na moja. Nilikuwa nimeuliza hivi: mwanamke ananunua kilo kumi na mbili za ndagala mbichi, zikikauka zinapungua robo, zinabaki kilo ngapi? Jibu ni tisa. Mtu huyu, kwa mkaa, kwa herufi kubwa zilizovurugika, alijibu tatu. Na maswali mengine yote alikuwa amepata! Niliandika sifuri nyekundu kando ya swali hilo, na chini: “Soma swali vizuri!” Nikamrudishia.

Ijumaa ya wiki ya pili mama alinirudisha ardhini. Watoto kumi walikuwa wamepata karatasi zao. Uzi mmoja, mwekundu, alirudi nao.

“Nyumba imefungwa, madamu. Majani imeota kwa mulango. Jirani anasema walienda, hajue wapi.”

Ulikuwa uzi wa wakili wangu.

Niliogopa. Miaka ile mlango uliofungwa ulikuwa na maana nyingi, na nilizijua zote. Nilishika ile karatasi iliyokunjwa na sikuweza kuifungua, kana kwamba nikiifungua nitakuwa nimekubali jambo. Mama wa ndagala alikaa nami pale, beseni lake chini, wateja wakimngoja sokoni. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Jumanne alileta fungu la kawaida. Nilianza kulipitia bila hamu. Katikati nikakuta ile ya Kajaga imerudi, na safari hii aliyeandika alikuwa amepata kalamu. Chini ya sifuri yangu kulikuwa na mistari kumi na minne, midogo, iliyobanana, iliyopangwa kwa namba.

Kwanza, ilisema, swali nimelisoma vizuri. Pili, ndagala hazipungui robo, zinabaki robo. Robo tatu ni maji, na mimi nazianika kila siku kwa mikono yangu, nimepima kwa mizani ya shangazi. Tatu, kwa hiyo aliyekosea si mwenye kujibu, ni mwenye kuuliza. Nne, kama madamu anataka jibu la kitabu basi ni tisa, nalijua, lakini mwanamke huyo akinunua samaki kwa hesabu ya kitabu watoto wake watalala njaa. Naomba nirudishiwe alama zangu mbili.

Nilipiga yowe. Mama wa ndagala aliruka akadhani nimeng’atwa.

“Ni yeye! Ni yeye, mama! Nani mwingine Bujumbura nzima anaomba alama namna hii?”

“Nani?”

“Nani alikupatia hii karatasi?”

“Si ule mutoto wa kuanika, kwa yule mama ninayemununulia. Anasema ni mutoto ya kaka yake. Yule wa kusema mingi?”

“Yule wa kusema mingi!”

Nilimkumbatia na harufu yake yote ya samaki. Nililia, na sikujificha. Nilikuwa nimempa sifuri mtoto niliyekuwa namwombea uzima. Baadaye msichana aliniambia kwamba hakuandika jina lake kwa sababu juu palikuwa na jina la mwenzake na hakutaka kuharibu karatasi ya mtu. Tena aliujua mwandiko wangu mara moja, akadhani na mimi nitamjua kwa majibu yake. Ndivyo alivyojiamini.

Alama mbili nilimrudishia. Tangu siku ile nilimwandikia karatasi nne kila safari, hesabu, Kifaransa, Kirundi na mazingira, naye hakuacha hata swali moja, na karibu kila karatasi ilikuja na pingamizi. Maswali yangu yenyewe yakabadilika. Nilikuwa natunga matatizo ya treni mbili zinazokutana, mimi ambaye treni sijaiona, kwa watoto ambao hawajaiona. Nikaanza kuuliza mambo ya sabuni, ya maharage, ya hatua kutoka kisimani, na kabla ya kuandika nilimwuliza mama wa ndagala kama ni kweli. Mara nyingi haikuwa kweli.

Siku ya mwisho niliweka karatasi ishirini na nne za wakili wangu juu ya meza ya direkteri. Akarudi nyuma na kiti.

“Madamu, hii ni kazi ya mwanafunzi ao ni mboga?”

“Ni kazi ya mwanafunzi, Direkteri.”

“Nitajuaje ni yeye? Hakuna ambaye amemuona tangu Noeli.”

Nilifungua kabati nikatoa daftari lake la muhula wa kwanza, nikaliweka kando. Alilinganisha mwandiko kwa muda mrefu. Halafu akaanza kusoma mabishano ya pembeni, ya daftari na ya karatasi, na mabega yakaanza kumtikisika. Alipofika kwenye zile ndagala zilizobaki robo, alivua kofia akajifuta macho. Akachukua muhuri. Muhuri haukushika, mafuta ya samaki yaliukataa. Akajaribu tena, ukateleza. Mara ya tatu aliupumulia, akakandamiza kwa mikono miwili akiwa amesimama, yule mzee aliyeogopa mihuri, na jina la wakili wangu likaingia kwenye orodha.

Mtihani aliufanya. Aliletwa asubuhi na mama wa ndagala kutoka Kajaga, kila mmoja na beseni lake kichwani, wakapita bariyeri kama wauzaji wawili. Niliyaona macho yake tu kwa mbali mlangoni. Sikumwendea, ningelia tena.

Matokeo yalibandikwa ukutani mwisho wa mwaka: safu tatu za namba, majina pembeni yake. Siku hiyo njia ya Kajaga ilikuwa haipitiki kwa watoto, kwa hiyo mama wa ndagala alikuja kwa niaba yake. Msichana alikuwa amemwandikia namba yake ya mtihani kwenye kiganja, kubwa, kwa kalamu. Nilikuwa nimefika kabla yake, na nilikuwa nimekwisha kuona.

Nilifungua mdomo. Akaniinulia ule mkono ulioandikwa.

“Apana, madamu. Usiniambie. Nataka niione mi mwenyewe.”

Akaweka beseni chini, akasogea hadi pua inakaribia ukuta. Aliweka kiganja juu ya namba ya kwanza, akatazama mkono, akatazama ukuta, alama moja baada ya nyingine, kisha akashuka namba inayofuata. Watu walimsukuma nyuma, hakugeuka. Alimaliza safu ya kwanza yote. Hakuwa humo. Akapumua, akaanza ya pili kutoka juu. Mimi ambaye sijawahi kungoja jibu la mtu kwa zaidi ya sekunde tano, nilisimama nyuma yake nimejishika mdomo kwa mikono miwili, nikimwona anashuka, mstari kwa mstari, kuelekea pale ninapopajua.

Alipofika, alisimama. Alilinganisha mara mbili. Kisha akaweka kidole pale na hakukiondoa.

“Ni hii.”

“Ni hiyo, mama.”

Hakupiga kigelegele mara moja, kilikuja baadaye, na kilisikika hadi sokoni. Kwanza alisogeza kidole pembeni kidogo, kwenye maandishi yaliyofuata namba.

“Na hapa wameandika nini?”

Nikamsomea jina la mtoto. Akaniambia nirudie, polepole, na safari hii kidole chake kikatembea chini ya kila herufi.